Sukari ya Kidonge na Mgongo wa Chupa



Waingereza wana msemo wa kukipaka kidonge sukari. Dawa ni chungu, basi hufunikwa kwa utamu ili mgonjwa apate kuimeza. Maana yake ni kumfikishia mtu habari ya kumvunja moyo kwa namna ya kumpunguzia uchungu. Sisi tunaofanya kazi mpakani twauhitaji msemo huu, lakini kwa hadhari, kwani wapo wanaoudhania kuwa ndugu wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Si ndugu. Katika sukari ile dawa imo. Mgongoni mwa chupa hamna mafuta.

Itazameni habari ya mpaka wenyewe, uliofungwa mwaka 2011. Tarehe 15 Mei 2023 Kenya na Somalia zilitangaza kuwa utafunguliwa kwa awamu: Mandera ndani ya siku 30, Liboi siku 60, na Kiunga, mlango wa kwendea Ras Kamboni, siku 90. Mwenye shangazi Koyama, Chula au Darakasi alikuwa na haki ya kuzihesabu siku hizo kwa vidole. Tarehe 5 Julai Waziri Kithure Kindiki akatangaza kwamba ufunguzi umeahirishwa hadi mashambulizi ya kigaidi yadhibitiwe.

Mzee aliyeketi pwani siku hiyo angeambiwaje? Kama angeambiwa, "Subiri kidogo, mambo yatakuwa mazuri," angeondoka akidhani ni wiki ijayo, pengine akaweka nauli na kutuma salamu ng'ambo. Afadhali angesikia: "Asalamu alaikum, mzee wetu. Mpaka haufunguliwi, wala tarehe mpya haijatolewa. Sababu ni mashambulizi. Twajua watu wako wako upande wa pili." Sukari hapo ni salamu, ni kuketi naye, ni kumtajia sababu, na kumwacha aseme uchungu wake bila kumkatiza (jambo ambalo sisi wenye sare hutuwia zito). Neno "haufunguliwi" halikufichwa.

Wabajuni waliokimbilia kusini baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991 wamesikia ahadi nyingi, na masikio yao hupambanua haraka. Basi askari akiwapa maneno matamu yasiyo na jibu, muulizeni palepale, kwa heshima: "Mwanangu, hiyo ni ndiyo au ni la?"