Kitabu Kimoja Kisomwe Mara Ngapi?

Mazungumzo na viongozi na wanachama wa vikundi vya kujisaidia



Tumeombwa tuseme machache juu ya vitabu. Twajua wengine wenu mmekuja mkitarajia habari za mbuzi wa maziwa na matangi ya maji, na hayo yatafuata baada ya chai. Lakini vumilieni kidogo, maana hata habari hii ina maziwa ndani yake.

Kila kikundi tunachotembelea kina sanduku. Humo mna daftari la mahudhurio, kitabu cha hesabu, mhuri, na katiba iliyosomwa siku moja tu, siku ya kuandikisha kikundi. Vitabu vya kusoma ni vichache, na vikiwapo watu husema, "Ah, hicho tulishasoma," kana kwamba ni gazeti la jana. Sisi twaona kuna vitabu ambavyo kuvisoma mara ya kwanza ni kupiga hodi tu. Leo tutawatajia viwili, na cha tatu tutakigusa.

Cha kwanza ni Shamba la Wanyama. Mwandishi wake ni George Orwell, Mwingereza, aliyekitoa mwaka 1945. Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili na kikachapishwa Nairobi mwaka 1967. Orwell alikuwa akifikiria Urusi, jinsi mapinduzi ya 1917 yalivyoishia mikononi mwa Stalin. Hapa Kenya, mwaka 1991, mchezo wa kuigiza uliotokana na kitabu hicho ulipigwa marufuku. Basi wengi wakisikia jina lake husema hicho ni cha siasa, na wanakiacha hapo.

Hebu kisomeni tena, lakini safari hii msiwatazame nguruwe peke yao. Watazameni wale wasiojua kusoma.

Mwakumbuka hadithi: wanyama wanamfukuza mwenye shamba, kisha wanaandika sheria 7 ukutani. Nguruwe wanasoma vizuri. Farasi jike anazijua herufi zote ila hawezi kuziunganisha. Yule farasi dume mwenye nguvu, anayebeba shamba zima mgongoni, hajawahi kuipita herufi ya nne. Mbuzi anasoma. Punda naye anasoma sawa na nguruwe yeyote, ila anasema haoni kitu cha maana cha kusoma. Halafu sheria zinaanza kubadilika usiku. Nguruwe wamehamia kwenye nyumba ya mwenye shamba na wanalala vitandani. Farasi jike anahisi kwamba sheria ilikataza. Anamwendea mbuzi amsomee, na mbuzi anamsomea: imekatazwa kulala kitandani penye mashuka. Farasi anajiambia, labda nimesahau.

Hapo ndipo tunaomba mpunguze mwendo. Mbuzi hakusema uongo. Alisoma kilichokuwa ukutani. Shida ni kwamba ukuta ulikuwa mmoja, na rangi na ngazi vilikuwa mikononi mwa wakubwa. Sasa tuulizane: katiba ya kikundi chenu iko wapi? Ni nakala ngapi? Tangu itungwe Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, habari ya katiba si ya kuchezea tena. Na kama nakala ni moja, nayo inalala kwa katibu, mama asiyejua kusoma atamwuliza nani? Atamwuliza huyo huyo katibu!

Na sasa maziwa. Siku ile ile ya kwanza ng'ombe wanakamuliwa, ndoo 5. Wanyama wanauliza maziwa yatagawanywaje. Kiongozi anawaambia msijali, twendeni tukavune nyasi. Jioni wakirudi, maziwa hayapo. Basi. Kitabu kinapita hapo haraka, na msomaji wa mara ya kwanza anapita nacho, maana anataka kujua vita vitakuwaje. Anayesoma mara ya pili anajua mwisho wake, kwa hiyo anasimama hapo kwenye ndoo. Hakuna aliyeuliza tena. Katika vikundi mambo hayaanzi na laki moja iliyopotea benki. Yanaanza na nauli isiyo na risiti, na soda za wageni ambao hakuna aliyewaona, pesa kidogo ambazo mtu huona aibu kuziulizia asije akaitwa mchochezi.

Punda pia msimsahau. Usiku mmoja wanyama wanamkuta nguruwe mmoja ameanguka chini ya ukuta, kando yake ngazi iliyovunjika na kopo la rangi. Punda anaelewa, anatikisa kichwa, ananyamaza. Siku farasi dume anapochukuliwa akiwa mgonjwa, punda ndiye anayewasomea wenzake maandishi ya kwenye gari: ni la mchinjaji. Wanakimbia kumwita, lakini mlango umekwisha kufungwa. Kila kikundi kina punda wake, na mara nyingi ni mwalimu mstaafu aliyeketi nyuma. (Walimu mtusamehe. Twawahitaji, ndiyo maana twawataja.)

Kitabu cha pili mnacho nyumbani: ni Nehemia, ndani ya Biblia. Kwenye harambee huhubiriwa ule ukuta uliokwisha kwa siku 52. Sura ya 3 watu huiruka kwa sababu ya wingi wa majina. Someni polepole, mtaona mkuu mmoja akijenga pamoja na binti zake, na wakubwa wa Tekoa wakikataa kutia shingo zao kazini. Kisha ingieni sura ya 5, ambayo kwenye harambee haisikiki sana. Ukuta haujaisha, na watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, na wengine wamekopa kulipa kodi ya mfalme. Na waliowakopesha ni ndugu zao wenyewe! Nehemia anaita mkutano, na anasema wazi kwamba yeye na jamaa zake pia wamekopesha. Anataka mashamba yarudishwe na riba iachwe, kisha anawaapisha.

Vikundi vingine hutoza asilimia 10 kwa mwezi. Faida hurudi kwa wanachama, hilo twalijua. Lakini mjane aliyechukuliwa mbuzi wake na wenzake wa kikundi hahesabu hivyo. Someni sura hiyo kabla ya kupanga riba ya mwaka ujao.

Cha tatu ni Mahali Pasipo na Daktari cha David Werner, kilichotokana na kazi yake katika vijiji vya milimani huko Mexico na kutoka kwanza kwa Kihispania mwaka 1973. Hiki hakisomwi kama hadithi. Someni pamoja sehemu ya kuhara watoto wakiwa wazima, ili siku ya shida mkono uujue ukurasa. Vipimo vya dawa katika nakala za zamani msivifuate kabla ya kumwuliza mhudumu wa zahanati, maana mengi yamebadilika. Kivisheni karatasi ngumu, na kikae katika nyumba ambayo kila mwanachama anaweza kubisha usiku.