Kitambaa kimoja, mikono ya wengi
(Maneno tuliyotoa mbele ya jamaa za wakimbizi wa ndani na viongozi wa vijiji vinavyowapokea, Kivu ya Kaskazini)



Tumekuja kuongea juu ya kitambaa. Kuna atakayeuliza: watu wanatafuta unga na kuni, kitambaa cha kupamba ukuta kina faida gani? Swali hilo ni la haki. Jibu liko katika namna kinavyotengenezwa.

Vitu vyake havinunuliwi. Mafundi cherehani wanatupa vipande vya vikwembe. Shambani kuna maganda makavu ya mgomba, maganda ya mahindi na mbegu. Kila jamaa ishone kipande chake juu ya gunia kuukuu, kisha vyote viunganishwe. Kiwe kitambaa cha kuguswa: pahali pa nyumba pakwaruze, pahali pa mto pateleze, ili hata asiyeona akisome kwa vidole.

Lakini mgomba una mwenyewe. Ugomvi mwingi kati ya wakimbizi na wenyeji unaanzia kwenye kuni na mashamba. Kwa hiyo, kabla ya kuokota, mwombeni mwenye shamba, tena mumwalike naye ashone. Na tusichune gome la mti mbichi. Mwaka 1994, wakimbizi wengi kutoka Rwanda walipofika Goma, miti ya Parki ya Virunga ilikatwa sana kwa ajili ya kuni. Mwaka huohuo UNESCO iliiandika parki hiyo kati ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Kazi hii si ya wamama peke yao. Kule Kasai, kwa Wakuba, wababa ndio wanaofuma nguo ya rafia, na wamama wanaitarizi mpaka inakuwa laini kama mahameli. Nguo ni moja, mikono ni ya pande mbili.

Viongozi, tunawaomba mambo mawili. Wakimbizi na wenyeji wakae kwenye mkeka mmoja, msitenge makundi. Na mtu asilazimishwe kueleza kipande chake. Aliyeshona mlango wa nyumba aliyoikimbia, akitaka kunyamaza, anyamaze.

Kitambaa hakirudishi shamba, wala hakijazi sufuria. Lakini anayeomba maganda ya mgomba leo, kesho ataweza kuomba njia ya kupita kwenda kuteka maji, na mwenye shamba atakuwa amekwisha kumjua kwa jina.