Tabora kwa Treni, na Deni la Mwalimu

(Maneno yaliyosemwa na mwalimu mstaafu, aliyesoma shule yetu, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Dongobesh.)



Mwenyekiti amenitaka niseme juu ya safari ambayo mtu mwenye fedha kidogo anaweza kuifanya mwisho wa juma, akaona mambo ya kale na kurudi nyumbani kabla ya kazi kumkosa. Nimeshukuru. Safari ninayo moja, niliyoifanya mwaka 2018. Lakini siwezi kuieleza bila kueleza kwanza kosa lililonipeleka, nalo ni kosa langu mwenyewe.

Nilifundisha historia kwa miaka zaidi ya 30. Mwaka 1991, katika shule moja ambayo si hii, nilikuwa nawafundisha kidato cha pili habari za misafara ya zamani. Niliwatajia Tabora, ambayo wageni wa karne ya 19 waliiita Kazeh, na tembe la Kwihara alimokaa Livingstone. Kijana mmoja wa dawati la mbele akanyosha mkono. Akauliza, "Mwalimu, hilo tembe umeliona?"

Ndugu zangu, mimi wakati huo nilikuwa sijavuka Singida. Hata treni nilikuwa sijaipanda, maana huku kwetu juu hakuna reli. Lakini niliona haya mbele ya darasa. Nikasema, "Nimeliona." Na kwa kuwa uongo hautaki kukaa peke yake, nikaongeza, "Lina ghorofa moja juu." Yule kijana akainama, akaandika.

Miaka ikapita. Kijana akakua, akapata kazi Tabora, akaoa huko. Mwaka 2016 alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akasema, "Mwalimu, nilikwenda Kwihara. Ile ghorofa sikuiona. Nadhani imebomoka siku nyingi." Alisema kwa adabu kabisa, akinitafutia mlango wa kutokea. Nami nikatoka kwa mlango huo huo. Nikasema, "Huenda." Usiku ule sikupata usingizi.

Nilipostaafu nikaamua kwenda. Nilikuwa na shilingi laki moja na elfu ishirini za safari nzima, basi ilibidi nipange. Nawaeleza mpango wangu, kwa sababu unaweza kuwafaa.

Niliondoka hapa Alhamisi alfajiri kwa basi, tukateremka ukuta wa bonde hadi Dareda, kisha Babati. Kutoka Babati nikapanda basi la Singida kupitia Katesh, Mlima Hanang ukiwa ubavuni. Singida nikabadili tena kwenda Manyoni, ambako ndiko njia ya basi inakutana na Reli ya Kati. Chakula nilichukua nyumbani: viazi vitamu vya kuchemsha, mahindi ya kukaanga na chupa ya chai. Mtu akinunua chakula kila stendi, fedha yake inakwisha kabla ya safari. Jioni nikakata tiketi ya daraja la tatu. Usiku treni ikaja, nikaingia behewani kama mtoto, na mvi zangu.

Sasa vijana sikilizeni, hapa ndipo nilipoanza kufundishwa.

Kati ya Ugogo na Unyamwezi kuna pori ambalo watu wa misafara waliliita Mgunda Mkali. Nimelitamka jina hilo darasani mara nyingi. Nilikuwa nalisema, naandika ubaoni, nafuta. Usiku ule nilikaa dirishani. Tulipita Itigi, taa za stesheni zikabaki nyuma, na baada ya hapo ikawa kichaka na giza, giza na kichaka. Nikasinzia, nikaamka, kichaka bado kipo. Nikanywa chai, nikazungumza na mama mmoja aliyekuwa anarudi kutoka kumwuguza dada yake, tukamaliza mazungumzo, kichaka bado kipo. Mpaka tulipofika Tura, ambako misafara ilihesabu kuwa imeingia Unyamwezi, nikajiuliza: watu walivukaje hapa kwa miguu?

Na hawakuvuka mikono mitupu. Mpagazi alibeba ratili 60 hadi 70, yaani kilo 30 hivi, nguo na shanga wakati wa kwenda bara, pembe za ndovu wakati wa kurudi pwani. Maji yalikuwa haba. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora msafara ulichukua miezi mitatu hivi, na mara nyingine zaidi. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh Novemba. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa kazi hiyo hasa. Waliafikiana ujira, waligoma walipodhulumiwa, na walipanga safari zao wakikumbuka msimu wa kulima nyumbani. Wajerumani walipoileta reli Tabora mwaka 1912 waliipitisha, kwa sehemu kubwa, karibu na njia iliyokwisha kukanyagwa na miguu hiyo.

Haya yote nilikuwa nayajua, lakini niliyajua kwa kitabu. Usiku mmoja dirishani ulinipa kipimo chake.

Asubuhi ya Ijumaa nikashuka Tabora. Mwanafunzi wangu alikuwa stesheni, naye sasa ana mvi mbili tatu. Alitaka nilale kwake. Nikamwambia nimekwisha kupanga nyumba ya wageni ya bei nafuu karibu na stendi. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijastahili kulala kwake.

Siku ile tulitembea mjini kwa miguu, chini ya miembe. Inasemekana mingi ilianza kwa kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Tuliisimama mbele ya shule ya wavulana iliyoanzishwa mwaka 1922, ambako Mwalimu Nyerere alisoma kabla ya kwenda Makerere. Tukakumbushana mkutano wa TANU wa Januari 1958 uliofanyika katika mji huo. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi walitaka uchaguzi huo ususiwe. Nyerere akawashawishi washiriki, na TANU ikashinda. Ule ndio Uamuzi wa Busara. Tukamtaja pia Isike, mtawala wa Unyanyembe, ambaye Januari 1893 Wajerumani walipoivunja ngome yake aliwasha baruti kuliko kukamatwa. Hayo yote ni ya mji mmoja, na kuyatembelea kwa miguu hakuna kiingilio.

Jumamosi tukapanda bodaboda kwenda Kwihara, nje ya mji. Nikaliona tembe. Ni jengo pana la udongo mwekundu, lililokarabatiwa, paa lake ni la bapa, na milango ina nakshi. Nikakumbuka nyumba ya babu yangu, zile nyumba zetu za zamani za Kiiraqw za paa la udongo zilizochimbiwa kwenye mteremko. Halikuwa jambo geni hata kidogo. Na ghorofa haipo, wala haikuwapo.

Ndani ya tembe lile nikapata somo la pili. Stanley na Livingstone walifika hapo kutoka Ujiji Februari 1872. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani. Livingstone akabaki, akangoja mpaka tarehe 25 Agosti. Miezi mitano! Alikuwa anangoja nini? Wapagazi. Yule ambaye mimi niliandika ubaoni kwamba "alisafiri", alikaa chini miezi mitano kwa sababu watu wa kubeba hawajafika. Na alipofariki Mei 1873 huko Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu hao hao, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliubeba mwili wake. Oktoba walipita hapo Unyanyembe, ambako Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike. Walikataa. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Katika miaka yangu 30 sikupata kuuliza darasani swali moja jepesi: nani alitembea?

Tulipotoka nje nikamwambia. Nikasema, "Kijana wangu, ghorofa haikubomoka. Sikuwa nimefika hapa. Nilikudanganya."

Alikaa kimya kidogo, anaangalia miembe. Kisha akasema, "Mwalimu, kosa si kubwa. Ila mimi nimewasimulia watoto wangu kwamba ilikuwapo ghorofa, na mkubwa ameiandika katika daftari lake la shule."

Ndugu Mwenyekiti, maneno yale yalinichoma kuliko kama angenitukana. Mimi nilidhani deni langu ni la mtu mmoja. Kumbe lilikuwa limezaa.

Nikamwomba anipeleke kwake. Jioni ile nikaketi na watoto wake watatu, nikawaeleza habari yote kama ninavyowaeleza ninyi. Mkubwa akaleta daftari. Akanipa kalamu, nikafuta sentensi ile, nikaandika juu yake: "Tembe halina ghorofa. Nimeliona." Nikatia tarehe. Usiku huo nililala kwao.

Jumapili nilirudi kwa basi kupitia Nzega na Igunga hadi Singida, na Babati nikalala kwa ndugu. Jumatatu saa nne nilikuwa hapa, na chupa moja ya asali ya Tabora, na shilingi elfu sita mfukoni.

Ninyi vijana njia zenu ni rahisi zaidi. Tangu 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kazi ya kuendeleza reli hiyo kuelekea Tabora imekwisha kuanza. Shauri langu ni hili. Kwanza, nendeni wawili au watatu, mgawane gharama za chumba. Pili, bebeni chakula. Tatu, kabla ya kuondoka ulizeni stesheni siku za treni, maana haipiti kila siku. Nne, kaeni dirishani.

Na la mwisho ni kwa walimu wenzangu na kwa vijana watakaokuwa walimu. Mwanafunzi akikuuliza kama umefika mahali, nawe hujafika, mjibu, "Sijafika." Neno hilo ni fupi na halina aibu. Mimi nilikwepa kulisema, likanidai miaka 27.