Nakala ya akiba isilale nyumba moja na seva

Usiku wa kuamkia Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Hakuna aliyekufa. Lakini wapo wateja waliopoteza data zao moja kwa moja, kwa kuwa nakala zao za akiba zilikuwa humo humo.

Kampuni inayopanga kituo cha pili cha seva za barua pepe ianzie hapo: mji mwingine, umeme mwingine, njia nyingine ya intaneti. Barua mpya hazinitii hofu sana. Seva inayotuma ikikuta mlango umefungwa hujaribu tena, kwa kawaida kwa siku kadhaa. Kinachoniuma ni barua za zamani: mikataba, ankara, makubaliano na wateja. Hizo hazitumwi tena. Na kituo kinachoiga kila kitu papo hapo huiga hata ufutaji, kwa hiyo nakala ya jana na ya juma lililopita bado zinahitajika.

Mpango wenyewe, pamoja na namba za simu za mafundi, uchapishwe kwenye karatasi. Mara nyingi umehifadhiwa ndani ya barua pepe ile ile iliyozimika. Kisha zimeni seva kuu Jumamosi moja, kwa makusudi, mhesabu saa hadi barua ya kwanza ipite.