Bwawa Nyuma ya Nyumba
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Walionitangulia wamekwisha kusema vizuri juu ya vyeo na digrii. Mimi nitasema juu ya shimo.

Miaka michache iliyopita mtoto wangu wa pili aliumia nyonga, daktari akashauri afanye mazoezi ndani ya maji. Tukaamua kujenga bwawa dogo la kuogelea nyuma ya nyumba yetu Moshono, mita 8 kwa 4. Mtumishi wa serikali na bwawa! Chekeni tu. Fedha ilikuwa ya mkopo, na mshahara wangu unakatwa hadi leo.

Kazi nilimpa mtu tuliyelala naye bweni moja. Simtaji, wala leo hayumo humu. Alileta karatasi moja yenye jumla ya fedha, bila mchoro, bila hesabu ya nondo wala saruji. Ofisini siidhinishi malipo ya viti kumi bila hati kamili, lakini kwa rafiki niliona haya kuuliza. Nikatoa asilimia 70 kabla shimo halijanifika kiunoni.

Tulipojaza maji, kila asubuhi yalikuwa yameshuka. Mwenzangu akasema ni jua. Basi nikachukua ndoo, nikaijaza maji ya bwawa, nikaiweka juu ya ngazi ndani ya maji, nikatia alama ndani ya ndoo na nje yake. Jua ni lile lile, upepo ule ule. Baada ya saa 24 maji ya ndoo yalishuka nusu sentimita, ya bwawa sentimita 7. Kwa mita za mraba 32, tofauti hiyo ni lita 2,080 kwa siku.

Zilikwenda wapi? Ninyi mnaoijua miteremko ya Meru mnajua. Chini yetu anakaa bibi mjane, na ukuta wa jiko lake ulilowa, kisha ukapasuka. Hakuja na mgambo. Alikuja na mjukuu wake, akasema, "Mwanangu, maji yako yananitembelea." Usiku ule sikulala.

Mhandisi alipokuja tukavunja vigae. Sakafu na kuta zilimwagwa siku mbalimbali, na kwenye maungio hapakuwekwa kitu cha kuzuia maji. Bomba la chini lilipenya zege bila kuzibwa. Tena zege halikumwagiliwa maji kwa siku 7 za mwanzo, nami nilikuwa nikipita pale kila jioni nikiliona likikauka.

Nilikwenda kwa wakili. Sheria ya Mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini mdomo wangu ulikuwa mmoja na wake mmoja. Na haki isemwe: nami nilibadili ngazi mara mbili kwa simu, halafu nikakataa kuongeza fedha.

Mkandarasi wa pili nilimhakikisha kwanza katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997. Tukaandikiana. Malipo yalifuata kazi: nondo zikaguliwe kabla ya zege, maji yajazwe siku 7 kabla ya kigae hata kimoja, na sehemu ya kumi ya fedha nibaki nayo mpaka masika ipite. Yeye naye alidai kila badiliko langu liwe na saini. Alinifundisha pia nisilikaushe bwawa wakati wa masika, maana maji ya ardhini yakipanda huweza kuliinua bwawa tupu.

Jiko la bibi tulilijenga kwanza. Mwanangu sasa anaogelea, hata mwezi Julai, maji yanapokuwa baridi kiasi cha kutukimbiza sisi wengine.

Yule mwenzetu alinipigia simu mwaka jana. Tulizungumza habari za mvua na watoto. Katibu, namba yake ninayo. Katika mkutano ujao naomba apelekewe mwaliko.