Mbwa mkubwa, miguu mitatu

Msikilizaji, daktari wa mifugo anapopendekeza mguu wa mbwa ukatwe, wenye mbwa wakubwa ndio husita zaidi. Huuliza: miguu mitatu itabeba vipi mwili wa kilo 60?

Mara nyingi huubeba. Saratani ya mifupa huwaandama hasa mbwa wenye maumbo makubwa, kama Rottweiler na Great Dane. Uvimbe ukishaula mfupa, mbwa huchechemea kwa maumivu makali, hata akaacha kabisa kuukanyagia mguu ule. Upasuaji humwondolea mateso hayo, na wengi husimama siku moja au mbili baadaye.

Ni kweli, miguu ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito, hivyo kuukosa mmoja ni kazi zaidi. Lakini mtazame akijifunza: kichwa kinapanda na kushuka kila hatua, mguu uliobaki unasogea katikati ya kifua. Msaidie. Mpunguze unene, tandika mkeka penye sakafu ya kuteleza. Mwenye viungo vibovu apimwe kwanza.

Upasuaji peke yake hauponyi saratani iliyokwisha kusambaa. Hata hivyo, kuishi bila maumivu ni haki ya mnyama huyu. Tusimnyime kwa sababu ya ukubwa wake tu.