Hiyo Kazi Ilitangazwa Wapi?

(Haya ni maneno ya mmoja wa wahudumu wetu wa maendeleo mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kitui. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)

Mwenyekiti, wazee, akina mama, na nyinyi vijana mnaosikiliza dirishani kwa sababu viti vimekwisha: 

Nimeombwa niseme juu ya kazi. Kila tukikutana swali ni lile lile, na huulizwa na wazazi kuliko vijana wenyewe. Mtoto amemaliza kidato cha nne, pengine amepita hata chuo cha ufundi. Mbuzi wameuzwa. Anatafuta matangazo gazetini na kwenye simu, anaandika barua, hajibiwi. Halafu mtoto wa jirani, ambaye hakuandika barua hata moja, anatokea Desemba na viatu vipya, anasema yuko Athi River, ni karani wa stoo. Mama mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Hiyo kazi ilitangazwa wapi?" Nikamwambia, mama, haikutangazwa popote.

Sasa twende polepole, kwa maana hapa watu hukimbilia kusema "ni ufisadi" na kuishia hapo. Ufisadi upo, nitaufikia. Lakini kazi nyingi nzuri hujazwa kimya kimya bila mtu kula hongo, na asiyejua sababu atazunguka na bahasha yake mpaka viatu viishe.

Mfikirieni mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini Kitui. Mtunza stoo wake ameacha kazi Ijumaa, na Jumatatu lori la saruji linaingia. Akiweka tangazo gazetini atalipa pesa, tena ataletewa barua gunia zima, na hana mtu wa kuzisoma. Hata akizisoma, hazimwambii lile analotaka kujua. Cheti kinaonyesha mtoto alipata alama gani katika Hisabati na Kemia. Hakionyeshi kama misumari itapungua usiku. Kwa hiyo anamwita mpakiaji wake wa miaka mingi, anamwuliza, "Kwenu hakuna kijana mwaminifu?" Yule mpakiaji akileta mwizi, aibu ni yake, na pengine kazi yake pia itakwenda. Basi amekuwa mdhamini bila kutia sahihi mahali popote.

Msicheke. Ni nani kati yenu aliwahi kuingiza mtu katika merry-go-round kwa kubandika tangazo sokoni? Mnauliza ni mke wa nani, alikuwa kikundi gani, kwa nini alitoka. Ndivyo na yeye anavyofanya.

Sababu nyingine ni kwamba kazi nyingi hazikai wazi hata siku moja. Kijana ameingia kama kibarua wa wiki mbili, au kujifunza kazi baada ya chuo. Msimamizi ameona anafika mapema, anauliza asipoelewa. Mtu akiondoka, yule aliye ndani anasogezwa. Hata Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, ahesabiwe kama mwajiriwa wa mwezi. Kwa hiyo anayekataa kibarua akingojea "kazi yenyewe" anapaswa kujua kwamba pengine kazi yenyewe huanzia hapo. Sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri kubagua watu kwa kabila, dini, jinsia au ulemavu anapoajiri. Lakini haimlazimishi mwenye duka au kiwanda kutangaza.

Jambo hili si la Ukambani peke yake. Huko Marekani mtaalamu mmoja aitwaye Mark Granovetter aliwauliza wanaume 282 wa mji wa Newton, karibu na Boston, jinsi walivyopata kazi zao. Hawa walikuwa watu wa ofisini, wataalamu na mameneja. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1974. Zaidi ya nusu walikuwa wamepata kazi kwa kupitia mtu wanayemjua, ingawa nchi ile ilijaa magazeti na ofisi za ajira. Lakini la kutushangaza ni hili: alipouliza walikuwa wakikutana na mtu huyo mara ngapi, wachache tu walisema mara kwa mara. Karibu 28 kati ya kila 100 walisema ni mtu waliyekuwa wakimwona kwa nadra sana.

Kwa nini? Kwa sababu mtu unayekula naye kila siku anajua yale unayoyajua wewe. Mimi na ndugu yangu tukikaa chini ya mwembe, habari zetu ni zile zile: mvua, bei ya pojo, nani amefiwa. Habari mpya huletwa na mtu wa mbali kidogo, kama dereva wa matatu ya Machakos, au shemeji wa jirani anayelinda lango la kiwanda Thika, au yule uliyesoma naye darasa la sita. Desemba hawa wote wako nyumbani, na sisi tunawaomba nini? Soda. Au tunawaambia "nitafutie kazi", na wanaitikia ili waondoke. Afadhali kijana amwulize: kule kwenu wanachukua watu wa namna gani? Wanataka cheti gani? Ni nani huulizwa mtu akiacha kazi? Swali kama hilo linajibika. Na mtu akikuona umeuliza kwa akili, atakukumbuka siku meneja akisema anataka mtu.

Sasa tuje kwa kazi za umma, na hapa sitaki mkubali maneno yale ya mwenye duka. Duka ni lake, lakini pesa za kaunti ni zetu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 232, inataka watu waajiriwe katika utumishi wa umma kwa ushindani wa haki na ustahili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaiagiza Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti itangaze nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa wale walioachwa nyuma. Yasikilizeni vizuri hayo maneno, walioachwa nyuma. Tangazo likiwekwa kwenye tovuti tu, je, limemfikia msichana wa kule Tseikuru asiye na simu ya kufungua tovuti? Kikundi kinaweza kuiandikia Bodi barua, kikaomba matangazo yabandikwe katika ofisi ya wadi na kusomwa kwenye baraza la chifu na makanisani. Tena iko Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016. Mwananchi anaweza kuuliza kwa maandishi nafasi fulani ilitangazwa lini na wapi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Wasipojibu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Sisemi ni rahisi. Nasema barua yenye muhuri wa kikundi na nakala iliyobaki kwenye faili ina uzito kuliko manung'uniko ya hotelini.

Ndiyo, yako matangazo ya kutimiza sheria tu, jina likiwa limekwisha andikwa. Mnayajua, nami nayajua. Lakini tangazo likiwapo, angalau kuna kitu cha kushika mkononi unapolalamika.

Na iko hatari moja imeingia vijijini mwetu kwa sababu ya giza hili. Mtu anafika na shati safi, anasema iko nafasi mahali fulani, ya siri, inataka elfu ishirini za "kufungua faili". Uongo wake unaaminika kwa sababu nusu yake ni kweli: ni kweli kwamba kazi nyingi hazitangazwi. Mzazi anauza ng'ombe, simu ya yule bwana inazimwa. Kuomba kazi katika ofisi ya umma hakuna ada. Na kwa wasichana wanaoambiwa habari za Saudia, wakala awe amesajiliwa na Serikali, na mkataba usomwe na mtu mwingine kabla ya kutia kidole. Akisema "usimwambie mtu", hapo hapo mwambieni chifu.

Nimebakiza jambo ambalo nimekuwa nikiliogopa tangu asubuhi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kamati ya mradi wa maji. Bomba lilichimbiwa na mwethya, kila nyumba ikatoa mtu, wengine wakiwa na mtoto mgongoni. Kioski kilipokwisha tulihitaji mhudumu wa kuuza maji na kuandika daftari, mwenye mshahara wa kila mwezi. Tuliketi watu saba jioni moja, mmoja akamtaja mke wa mwanawe, tukasema ni mtu mzuri, tukafunga kwa sala. Na kweli alikuwa mzuri, hela haikupotea. Lakini wiki iliyofuata msichana mmoja aliyesomea uwekaji hesabu, ambaye alichimba mtaro ule tangu siku ya kwanza, alinisimamisha njiani. Aliniuliza swali lile lile la yule mama: "Mliitangaza wapi?" Sikuwa na jibu. Baba yake alikuwa amefariki, na katika ile kamati hakuwa na mtu wa kumtaja. Baada ya hapo sikumwona tena kwenye mwethya, na sikuweza kumlaumu.

Tangu siku hiyo husoma kwa macho mengine habari ya mwenye shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Alitoka mwenyewe kwenda sokoni mara tano, mpaka saa kumi na moja, na bado akakuta watu wamesimama. Alipowauliza, walisema hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wamesimama tu mahali ambapo hakuna mtu wa kuwataja.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Vikundi vyenu sasa ni waajiri. Mna vioski, mashine za kusagia, vitalu vya miche, walinzi wa stoo za nafaka. Nafasi ikitokea, iandikeni kwenye karatasi: kazi gani, mshahara kiasi gani, barua ziishie siku gani. Ibandikeni kanisani, msikitini, shuleni na kwenye duka la sokoni, kwa siku 14. Mwenye ndugu kati ya waombaji atoke nje wakati wa kuchagua. Mdhamini mnaweza kumtaka, hilo ni haki yenu, lakini mtakeni baada ya kuita watu wote.

Nimesikia kikundi kimoja hapa kinatafuta mwendesha mashine ya kusagia mwezi huu. Sitakitaja. Sasa niko tayari kwa maswali, na nianze na yule mzee aliye nyuma, ambaye ameinua mkono tangu nilipotaja kioski.